Kioo cha Dirisha Kisigeuke Kisu

Wahenga walinena kwamba tahadhari ni kabla ya hatari. Asubuhi ya Agosti 7, 1998, watu waliokuwa kazini katika majumba yaliyopakana na ubalozi wa Marekani jijini Nairobi walisikia kishindo kidogo. Kama ilivyo ada ya binadamu, wengi walikimbilia madirishani kutazama. Punde si punde bomu lenyewe likalipuka. Watu 213 waliaga dunia, maelfu wakajeruhiwa, na wengi wakapoteza macho kwa vigae vya vioo.

Jengo la Ufundi liliporomoka. Jumba la Benki ya Ushirika lilibaki wima, ila vioo vyake viliwamwagikia waliokuwamo. Funzo li wazi: jengo lenye mifupa imara na ngozi dhaifu halimkingi aliye ndani.

Wahandisi wanayo dawa. Mabamba mawili ya kioo hugandishwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati. Mlipuko ukitokea, kioo hupasuka lakini vigae hubaki vimenata. Hata hivyo, kioo hicho hakifai kitu iwapo fremu itang'oka ukutani. Ndiyo maana hupimwa dirisha zima: huwekwa mbele ya mlipuko wa kipimo maalumu, na nyuma yake hutegwa ubao laini. Vigae vilivyoudunga ubao huonyesha yale ambayo yangempata mtu.

Kinga nyingine ni umbali, kwani nguvu za mlipuko hupungua upesi kadiri mtu awavyo mbali. Ubalozi wa 1998 ulikuwa kando ya barabara. Ule uliofunguliwa Gigiri mwaka 2003 umejitenga nayo.

Huenda msomaji akauliza, ni nani atakayeleta bomu Lurambi? Swali hilo ni la haki, lakini mlipuko haungoji gaidi. Februari 2024 lori la gesi lililipuka Embakasi, likaua na kuteketeza. Mitungi ya gesi tunayo majikoni, na malori ya petroli hupita karibu na madarasa yetu.

Papa hapa Lurambi, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro hufundisha elimu ya kukabiliana na majanga. Ingefaa wanafunzi wake wazitembelee shule jirani, wayakague madirisha yaliyoelekea barabara na majiko, na kuwashauri wakuu wa shule mahali pa kubandika utando wa plastiki na mahali pa kuhamishia vitanda.

Lakini lipo somo lisilohitaji hata senti moja, nalo ni wajibu wa kila mwalimu. Mtoto afunzwe kwamba akisikia kishindo asikimbilie dirishani. Alipe kisogo, ajilaze chini na kufunika macho. Waliopofuka Nairobi hawakukosa akili. Walikosa mtu wa kuwaambia neno hilo mapema. Sisi hatuna udhuru huo.