Mchakamchaka na Jembe: Utangulizi

Asubuhi ya Julai mjini Sumbawanga, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, upepo wa Ufipa hukata masikio. Wanafunzi wako kwenye mchakamchaka, pumzi zinatoka kama moshi. Nyuma kabisa yuko binti mnene, mkono kiunoni. Anahimizwa akimbie apungue. Mwezi ukiisha atapanda mizani, akute kilo zilezile, aache. Ningependa asiache, na taaluma ya mazoezi ninayokukaribisha humu ina sababu za kumpa.

Rukwa tumezoea kusikia habari za udumavu, na ni haki: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa mkoa huu wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Kwa hiyo anayetaja unene huonekana anazungumzia shida za Dar es Salaam. Sikubaliani. Mwaka 1992 Nicholas Hales na David Barker wa Uingereza walitoa hoja kwamba mwili ulionyimwa lishe tangu tumboni hujizoeza kubana matumizi. Shibe ikija baadaye, unaelemewa na sukari upesi. Mtoto aliyedumaa, akikua akawa mtu wa bodaboda, chipsi na soda, ndiye wa kuangaliwa kwanza.

Mazoezi yanamsaidiaje? Tazama msuli. Kwa kawaida insulini ndiyo inayoufungulia mlango ili sukari iingie kutoka kwenye damu. Kwa kijana mnene mlango huo huwa mzito. Lakini msuli ukifanya kazi, hufungua wenyewe, bila kungoja insulini, na kwa saa kadhaa baadaye huendelea kuitikia insulini vizuri zaidi. Hayo hutokea hata kilo zisipopungua. Mizani haiyaoni.

Hapo ndipo aina ya zoezi inapoanza kuwa na maana. SoJung Lee na wenzake, Pittsburgh, Marekani, waliwagawa vijana wa kiume wanene: wengine mbio, wengine vyuma, miezi 3, bila kupunguziwa chakula. Makundi yote mawili yalipunguza mafuta ya tumboni na ya ini, ila waliobeba vyuma ndio walioitikia insulini vizuri zaidi. Waliporudia kwa wasichana, mambo yakageuka: mbio ndizo zilizosaidia. Kwa nini? Mpaka leo swali hilo linanivuta. Kule Ottawa, Kanada, utafiti wa vijana 304 uliotolewa 2014 ulionyesha kuwa waliohudhuria kwa uaminifu na kuchanganya mbio na vyuma walipunguza mafuta kuliko waliokimbia tu.

Vyuma tunavyo. Anayefukia nyasi chini ya udongo na kuinua matuta ya ntumbila kwa jembe, au anayejitwika ndoo ya lita 20, anafanya zoezi la nguvu. Anayetembea kilomita kadhaa kwenda shule anafanya la pumzi. Babu zetu waliyachanganya yote mawili kabla ya jua la mchana. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 60 kwa siku kwa vijana, na kazi za kuimarisha misuli angalau siku 3 kwa wiki.

Mwalimu unayesoma kurasa hizi, usimpime binti yule kwa kilo peke yake. Mpime kiuno, mruhusu akimbie kwa mwendo wake, na siku 3 za wiki mpe pushapu na kamba pamoja na wenzake, bila kumwita mnene.