Kilomita Tano, Saa Tatu

Ukitaka kumtambua mgeni katika mji wa Cilaos, kisiwani Réunion, msikilize anavyouliza njia. Mgeni huuliza ni kilomita ngapi. Mwenyeji humjibu kwa saa, kisha humtazama viatu.

Chukua njia ya kupanda Piton des Neiges, mlima wenye mita 3,070, mrefu kuliko yote kisiwani. Kutoka Le Bloc, pembeni mwa mji, kwenye mita 1,380 hivi, unapanda hadi Caverne Dufour, nyumba ya kulala wapandaji iliyoko mita 2,478. Kwenye ramani ni kama kilomita tano. Ndani ya hizo tano unapanda mita 1,100. Waliopitia Marangu kwenda Kilimanjaro walinganishe wenyewe: siku ya kwanza, kutoka getini hadi kambi ya Mandara, ni kilomita kama nane, na kupanda hakuzidi sana mita 800. Kule unaambiwa “pole pole” kwa ajili ya hewa nyembamba. Huku hewa ipo tele, mapaja ndiyo yanayokwisha.

Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado ninaitumia: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa Caverne Dufour unapata saa moja ya mwendo na karibu saa mbili za mlima, jumla saa tatu, na ndivyo ilivyo kwa mtu wa kawaida asiye na mzigo mzito. Kasoro ya kanuni hiyo ni kwamba haikujali kushuka. Réunion, kushuka ndiko kunakovunja watu. Nimeona vijana wenye misuli ya mpira wakiteremka ngazi za magogo kinyumenyume, kama watoto wanaoshuka kitandani.

Kwa nini ardhi ikawa hivyo? Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita za mraba zipatazo 2,500, kama Unguja moja na nusu. Kilijengwa na moto kutoka sakafu ya bahari. Chini yake pana chanzo cha joto kinachopandisha mawe yaliyoyeyuka, na Piton des Neiges ndiyo volkano iliyotoa kichwa juu ya maji kwanza, zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Ikazimika, nayo Piton de la Fournaise, upande wa kusini mashariki, ikaendelea na kazi.

Volkano iliyozimika hubaki mikononi mwa mvua. Mlima huu ulijengwa kwa matabaka: lava ngumu, majivu laini, vifusi, kisha lava tena. Sehemu zake kubwa zilibomoka na kuporomoka, na mito ikachimba palipolegea. Yamebaki mabakuli matatu makubwa yaliyouzunguka mlima: Cilaos, Salazie na Mafate, yenye kuta zinazofika mita elfu moja. Ukisimama ukingoni, mahali paitwapo Maïdo, kwenye mita 2,200 hivi, kijiji cha Roche Plate kiko chini ya vidole vya miguu yako, mita zaidi ya elfu moja wima.

Na mvua yenyewe si ya kawaida. Januari 1966, mahali paitwapo Foc-Foc, zilinyesha milimita 1,825 ndani ya saa 24. Dar es Salaam hupata kama 1,100 kwa mwaka mzima. Januari 1980, kimbunga Hyacinthe kilimwaga milimita 6,083 katika siku 15 kwenye eneo la Commerson. Hizo ni rekodi za dunia. Sababu yake ni rahisi kueleza: hewa yenye unyevu kutoka baharini inagonga ukuta wa milima, haina pa kupita ila juu, na ikipanda inapoa na kuachia maji yote.

Ndiyo maana mtengeneza njia wa Réunion hupigana na maji kwanza, mteremko baadaye. Njia iliyonyooka kwenda chini hugeuka mfereji msimu mmoja tu. Kwa hiyo njia hukatwa mshazari, ikajipinda kushoto na kulia, na kila baada ya hatua chache huwekwa gogo au jiwe la kuyatoa maji pembeni kabla hayajapata nguvu. Palipoporomoka huwekwa masanduku ya waya yaliyojazwa mawe. Palipo wima kabisa huwa na ngazi ya chuma au kamba ya waya. Kazi hii haina mwisho. Kila kimbunga kikipita, baadhi ya njia hufungwa kwa amri ya serikali hadi zikaguliwe, na anayeruka kizuizi asidhani amewashinda warasimu. Wakati mwingine ng'ambo ya kile kibao hakuna njia tena, pana pengo.

Sasa tuingie Mafate, maana ndiko njia zilikopata maana yake. Ndani ya bakuli hilo wanaishi watu mia kadhaa katika vijiji vidogo kama La Nouvelle, Marla, Aurère na Grand Place. Barabara ya gari hakuna. Unaingia kwa miguu, au kwa helikopta, ambayo hupeleka saruji na mitungi ya gesi, na wagonjwa hutoka nayo. Mtalii anayeiita njia ya huku “ya matembezi” anapishana na mtoto anayekwenda shule.

Waliotangulia kuikanyaga hawakuwa watalii. Kisiwa kilipoitwa Bourbon, Wafaransa walileta watumwa kulima kahawa na baadaye miwa, na waliotoroka walikimbilia juu, ambako farasi na askari hawakufika kwa urahisi. Watoro wa mwanzo wengi walikuwa Wamalagasi, nayo majina ya milima yanashuhudia. Mafate, kwa Kimalagasi, ni neno la kuua, na lilikuwa jina la kiongozi wa watoro anayesemekana kuuawa mwaka 1751 na mwindaji wa watumwa, François Mussard. Cilaos huelezwa kuwa ni mahali pasipohamwa.

Pwani yetu nayo imo katika hesabu hii. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Hadi leo Waréunion wenye asili ya Afrika huitwa Kaf, neno lililozunguka kwa Wareno kutoka kwenye “kafiri” ya Kiarabu. Tarehe 20 Desemba, siku utumwa ulipofutwa kisiwani mwaka 1848, ni sikukuu yao. Baada ya hapo wazungu maskini wasio na ardhi nao walipanda Mafate, wakalima kwenye vipande vya tambarare vilivyosalia kati ya makorongo, na vijia vya watoro vikawa vya wote.

Mtu aliyevijua kuliko wengi ni Ivrin Pausé, tarishi aliyepeleka barua Mafate kuanzia 1951 hadi 1991. Miaka arobaini, kijiji hadi kijiji, mfuko mgongoni. Sisi tunaosimulia magoti yetu baada ya siku tatu tungefaa kunyamaza kidogo.

Ukienda, panga siku yako kwa mawingu. Asubuhi milima huwa wazi kama imefuliwa. Jua likipasha miteremko, hewa ya baharini hupanda, na ikifika saa nne au saa tano ukungu umekwisha kujaza bakuli. Ndiyo sababu wanaolala Caverne Dufour huondoka gizani na taa kichwani, kiasi cha saa kumi alfajiri, wafike kileleni kabla ya jua. Chukua sweta, usiku wa huko juu unaweza kugandisha maji, ingawa chini watu wanaogelea. Miezi mizuri ni Mei hadi Novemba, na mbio kubwa za kisiwa, Grand Raid, hufanyika Oktoba: zaidi ya kilomita 160 na mita zipatazo elfu kumi za kupanda. Zinaitwa Mshazari wa Vichaa.

Njia ya Piton de la Fournaise ni ya aina nyingine kabisa. Kutoka ukingo wa Pas de Bellecombe unashuka ngazi zaidi ya mia tano ukutani, kisha unatua juu ya lava tupu. Hakuna udongo wa kukanyagwa ukawa kijia. Njia ni alama za rangi nyeupe zilizopakwa juu ya mawe, moja baada ya nyingine, na ukungu ukishuka hutafuti chochote isipokuwa doa linalofuata. Usipoliona, hulisogelei kwa kubahatisha. Unasimama pale pale penye lile la mwisho.

Volkano hii hulipuka mara nyingi, miaka mingine zaidi ya mara moja, lakini mara nyingi hutoa taarifa: matetemeko madogo huongezeka na mlima huvimba kwa sentimita chache. Kituo cha uchunguzi kinachoiangalia kilianzishwa baada ya mlipuko wa 1977, lava ilipoingia kijiji cha Piton Sainte-Rose na kulizunguka kanisa. Tahadhari ikitolewa, geti la Pas de Bellecombe hufungwa na walio ndani hutolewa. Aprili 2007 sakafu ya kreta ya Dolomieu iliporomoka zaidi ya mita 300 kwa muda wa siku chache tu. Ukingo wake uliachwa na nyufa, na siku hizi njia huishia kwenye jukwaa la kutazamia. Huizunguki tena kreta kama zamani.