Mwenye kiwanda alikufa, kiwanda kikabaki: Funzo la Danfoss kwa biashara zetu za familia

Fundi yeyote wa friji hapa Mombasa analijua jina Danfoss. Ukifungua mtambo wa chumba cha baridi cha samaki, mara nyingi utalikuta limeandikwa kwenye vali. Mimi ni mmoja wa mafundi hao. Nilipofuatilia jina hili lilikotoka, nilikuta habari ya familia moja ambayo naona inatuhusu sana sisi wapwani.

Kampuni hii ilianza mwaka wa 1933 katika kisiwa cha Als, kusini mwa Denmark. Mads Clausen, mhandisi aliyekuwa hajafika miaka 30, alianza kazi katika chumba cha juu, chini ya paa la nyumba ya wazazi wake waliokuwa wakulima. Enzi hizo za mdororo wa uchumi, Denmark ilibana uingizaji wa bidhaa kutoka nje, na vali za mitambo ya baridi zilikuwa zikitoka Marekani. Clausen akaona pengo. Akaanza kutengeneza vali mwenyewe.

Kwa asiyejua ufundi, nieleze kazi ya kifaa hiki. Ndani ya mtambo wa baridi kuna gesi inayozunguka. Kompresa huisukuma kwa nguvu, ikapoe na kuwa maji kwenye mabomba ya nje. Maji hayo yakipita kwenye tundu dogo na kuingia kwenye mabomba ya ndani, hugeuka tena kuwa gesi na kunyonya joto la chumba. Vali ndiyo inayopima kiasi cha kupita. Yakipita kidogo mno, chumba hakipoi na samaki wanaharibika. Yakizidi, yanafika kwenye kompresa yakiwa bado maji na kuivunja.

Vali hii hujipimia yenyewe. Ina kibuyu kidogo cha shaba kinachofungwa kwenye bomba linalotoka chumbani. Bomba likipata joto, gesi iliyo ndani ya kibuyu hutanuka na kusukuma kiwambo chembamba, na vali inafunguka zaidi. Bomba likipoa, springi inairudisha. Haihitaji umeme wala mtu wa kuisimamia. Friji ya nyumbani haina vali hii, hutumia mrija mwembamba tu, lakini mitambo mikubwa mingi huitegemea.

Biashara ilikua. Mwaka wa 1946 ikachukua jina la Danfoss, na baadaye ikatengeneza pia kompresa za friji. Kisha mwaka wa 1966 Mads Clausen akafariki akiwa na miaka 60, akaacha mjane, Bitten, na watoto watano.

Hapa ndipo nataka tutulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo biashara zetu nyingi hufia. Karakana niliyojifunzia kazi ilikuwa ya mzee mmoja aliyeheshimika sana. Alipofariki, hakuna aliyejua nani anadaiwa wala nani anadai, maana hesabu zote zilikuwa kichwani mwake. Ndugu wakagawana vifaa. Mmoja akachukua mashine ya kulehemu, mwingine mitungi ya gesi. Katika mwaka mmoja mlango ulifungwa, na vijana sita tukatawanyika. Kila mtu alipata fungu lake, lakini riziki ilipotea.

Kwa akina Clausen mambo yalikwenda vingine. Bitten mwenyewe alishika uenyekiti wa bodi. Mwaka wa 1971 akaunda mfuko wa wakfu wenye jina lake na la mumewe, ambao leo unashikilia wingi wa kura katika kampuni. Hivyo hakuna mrithi mmoja anayeweza kuamka asubuhi akauza kiwanda. Mwana wao, Jørgen, aliiongoza kampuni kuanzia 1996 hadi 2008, kisha usukani ukapewa mtu asiye wa ukoo. Hata kuuza waliuza walipoona inafaa: mwaka wa 2010 waliachia kitengo cha kompresa za friji ndogo, na ndiyo maana leo kompresa hizo zina jina la Secop. Bitten alifariki mwaka wa 2016 akiwa na zaidi ya miaka 100. Kampuni sasa ina wafanyakazi zaidi ya 35,000.

Wapwani wenzangu, wakfu si jambo geni kwetu. Babu zetu waliweka nyumba, visima na mashamba wakfu ili yasiuzwe na faida yake iendelee, na Tume ya Wakfu ipo hapa hapa Mombasa. Tumezoea kufikiria ardhi na misikiti tu. Karakana, jahazi au kiwanda cha barafu navyo vinahitaji mpango.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi andika madeni yako. Mfundishe mkeo na wanao hesabu za biashara ungali hai, na binti asiachwe nje. Ukiwa Mwislamu, muulize kadhi sheria inaruhusu nini. Kama si Mwislamu, muone wakili. Ufanye hayo ukiwa na afya, kwa sababu matangani hakuna anayesikiliza mwenzake.