Aina Zinazojua Zamu
Katika lugha za programu, aina ni lebo inayoeleza kama data fulani ni namba, maandishi au kitu kingine, na mfumo wa aina ni kanuni zinazoiwezesha kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo uwe maagizo ya mashine, kukataa kosa kama la kuzidisha jina kwa jina kabla kazi haijaanza. Lebo hiyo haitoshi pale ambapo objekti, yaani vipande vya programu vinavyotunza data zao na kuhudumia maombi, hufanya kazi kwa wakati mmoja, kwa kuwa ombi lililo sahihi kwa umbo lake laweza kufika wakati usiofaa.

Hifadhi yenye nafasi moja, inayopokea maombi ya “weka” na “toa”, yatosha kuwa mfano: “toa” likifika nafasi ikiwa tupu, hakuna cha kutolewa. Mwaka 1993 Oscar Nierstrasz alipendekeza aina zisizoorodhesha huduma kana kwamba zipo daima, bali zinazoeleza ni huduma ipi inapatikana katika hali ipi. Mwaka huohuo Kohei Honda wa Japani aliweka msingi wa aina za vikao, ambazo huyaeleza mazungumzo ya pande mbili hatua kwa hatua, ili upande mmoja unapotuma, wa pili uwe unapokea. Mwaka 2008 yeye, Nobuko Yoshida na Marco Carbone waliupanua utaratibu huo kwa pande nyingi.

Ugumu wenyewe, na hapa ndipo nadharia hii inapopendeza zaidi, uko katika kujua nani ameishika objekti. Wateja wawili, yaani sehemu za programu zinazotuma maombi, wakiishika hifadhi ileile, kila mmoja akiamini kuwa imejaa, wote wataomba “toa”, na aina iliyokuwa kweli kwa wa kwanza itakuwa uongo kwa wa pili. Dawa ilitokana na mantiki aliyoiasisi Jean-Yves Girard mwaka 1987, ambamo kwa kawaida kauli ikishatumika katika hoja haibaki kutumika tena; vivyo hivyo katika aina, anayekabidhi njia ya mawasiliano huipoteza. Lugha ya Rust, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2015, hutumia wazo la jamii hiyo kwa jina la umiliki, na kwa msimbo wa kawaida huzuia nyuzi mbili za utekelezaji, yaani mifuatano ya maagizo inayoendeshwa kwa wakati mmoja, kuvurugiana data ileile. Haizuii mkwamo, yaani hali ya kila upande kumngoja mwenzake asiyeweza kuendelea. Huo Naoki Kobayashi aliushughulikia kwa aina zinazobeba pia wajibu wa kutumia kila njia ya mawasiliano na mpangilio wa wajibu huo, ili mzunguko wa kungojeana uonekane msimbo ukiwa bado unakaguliwa.