Kwa Nini Basi la Mwanza hadi Dar es Salaam Huwa na Madereva Wawili

Abiria anayepanda basi katika Kituo cha Nyegezi jijini Mwanza kuelekea Dar es Salaam huanza safari ya zaidi ya kilomita 1,100, kutoka mwambao wa Ziwa Victoria hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Wapo abiria wanaonung'unika basi linapopunguza mwendo vijijini au linaposimama ili madereva wapokezane usukani. Utaratibu huo umewekwa kulinda maisha yao.

Barabara hiyo hupita Misungwi, Shinyanga, Tinde, Nzega na Igunga, hupanda Mlima Sekenke mkoani Singida, kisha huelekea Dodoma, Morogoro na Chalinze kabla ya kufika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi. Sehemu kubwa ya njia imepakana na mashamba na malisho, ambako mifugo, waendesha baiskeli na watoto wa shule huitumia barabara hiyohiyo. Ndiyo maana sheria imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa mabasi kwingineko.

Hata kama basi lingekwenda kilomita 80 kwa saa bila kusimama popote, safari hiyo ingechukua karibu saa 14. Kwa mujibu wa kanuni, safari inayozidi saa nane huhitaji dereva wa pili. Kwa mwendo huo, basi hupita takriban mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia kwa sekunde tatu, basi huwa limekwenda zaidi ya mita 60 bila mwongozo.

Suala hilo limeongezeka uzito tangu Oktoba 2023, mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku, baada ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kutangaza bungeni mwezi Juni mwaka huo kuondolewa kwa zuio lililodumu tangu miaka ya 1990.

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hufuatilia mwendo wa mabasi kwa mfumo wa kielektroniki. Hata hivyo, abiria ndiye anayeona kinachotendeka ndani ya basi. Anapaswa kuhakikisha, kabla ya kuondoka, kuwa dereva wa pili yupo, na kutoa taarifa kwa LATRA au Jeshi la Polisi endapo dereva mmoja ataendesha safari nzima.