Antivairasi ya Kompyuta ya Nyumbani: Ipi Uchague, na Hukumu ya Kutumia Iliyovunjwa Leseni

SWALI:

Mimi ni mkazi wa Katoro, mkoani Geita. Nyumbani nina kompyuta mpakato ya mtumba. Naweka humo hesabu za duara letu, majina ya wenye hisa na madeni ya watu, na watoto wanaitumia kwa masomo. Fundi aliniwekea Windows na antivairasi akasema "zimefunguliwa", sitalipia kitu. Siku hizi kila nikichomeka flashi, mafaili yanapotea na kubaki vialama tu. Naomba kujua antivairasi ipi ni nzuri, na je, kutumia hiyo ya kufunguliwa inajuzu?

JIBU:

Sifa njema zote anastahiki Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Swahaba zake.

Jibu kwa ufupi ni hili. Nyumba nyingi hazihitaji kununua antivairasi, kwa sababu ile inayokuja ndani ya Windows halali inatosha ikiwa hai na ikisasishwa. Ama hiyo "iliyofunguliwa" ina kasoro mbili: ni kutumia haki ya mtu bila idhini yake, na mara nyingi yenyewe ndiyo mlango wa virusi. Ufafanuzi ni kama ufuatao.

1. Kompyuta yako imebeba amana za watu

Aya ndefu kuliko zote katika Qur-aan, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandika madeni. Uislamu umelipa uzito jambo la maandishi kwa sababu haki za watu hupotea pale kumbukumbu zinapopotea.

Katika machimbo ya Geita, Mbogwe, Kahama na kwingineko, mawe yakitoka duarani hugawanywa viroba kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Aliyetoa mafuta ya jenereta ana chake, aliyekopesha magogo ana chake. Daftari hilo likiwa ndani ya kompyuta moja tu na virusi vikalila, ugomvi utakaofuata hauna shahidi. Hali ni hiyo hiyo kwa mweka hazina wa msikiti, kwa mwalimu wa madrasa mwenye orodha ya ada za watoto, na kwa mama anayehifadhi hesabu za kikoba.

Kwa hiyo kuilinda kompyuta hii ni sehemu ya kutunza amana. Tunamtegemea Allaah, lakini Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimfundisha yule bwana amfunge ngamia wake kwanza kisha ategemee, kama ilivyopokewa na At-Tirmidhiy.

2. Hukumu ya programu iliyovunjwa leseni

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, lilipitisha kuwa haki za utunzi, uvumbuzi na alama za biashara ni haki za wenyewe zinazotambulika kisheria, zina thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia. Programu ya kompyuta inaingia humo. Kwa upande wa sheria za nchi, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inazilinda programu za kompyuta.

Ni kweli wapo wanachuoni waliolegeza kwa mtu anayenakili kwa matumizi yake binafsi bila biashara. Lakini hitilafu hiyo haikusaidii katika suala lako. Kwanza, kompyuta yako inafanya kazi ya biashara. Pili, fundi ameifanya kuwa bidhaa, kwani amekuuzia kompyuta ikiwa na mali isiyo yake. Tatu, dharura haipo, kwa kuwa ipo njia ya halali isiyo na gharama, kama tutakavyoeleza.

Ama fundi, ujira wa kutengeneza kompyuta ni halali na ni kazi ya heshima. Asiuchanganye na kuuza kilichoporwa. Amweleze mteja bei ya leseni waziwazi, au amwekee programu za bure zilizoruhusiwa na wenyewe, kisha achukue ujira wa kazi yake.

3. Kwa nini "iliyofunguliwa" ni hatari

Ili kivunja leseni kifanye kazi, fundi hulazimika kwanza kuzima ulinzi wa kompyuta, maana ulinzi ukiwa hai hukikamata. Baada ya hapo huongeza folda yake kwenye orodha ya mahali pasipokaguliwa. Ni sawa na mgeni anayekuomba ufunge mbwa na kufungua dirisha la nyuma kabla hajaingia. Hata akiwa na nia njema, dirisha litabaki wazi akishaondoka.

Mwaka 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Red Canary ilieleza jinsi nakala bandia za KMSPico, kifaa mashuhuri cha kufungulia Windows na Office, zilivyokuwa zikibeba programu hasidi iitwayo Cryptbot. Kazi yake ni kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na taarifa za pochi za sarafu za kidijitali. Mwenye kompyuta huona Windows yake imekubali na anafurahi, kumbe nywila za barua pepe na za benki zimeshaondoka.

Antivairasi iliyovunjwa ni mbaya zaidi. Programu ya aina hii hupewa ruhusa ya kuingia kila kona ya kompyuta. Ukiichukua kwa mtu usiyemjua, umempa mlinzi wa kukodi funguo zote bila kujua katumwa na nani. Tena nyingi huzuiwa kuwasiliana na kampuni yake ili isigundulike, hivyo hazipati masasisho. Antivairasi isiyosasishwa haivijui virusi vipya.

4. Namna ya kuchagua

Anza kwa kuuliza kama Windows yenyewe bado inahudumiwa. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ikaweka mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja kwa watumiaji wa nyumbani wanaojisajili. Kompyuta nyingi za mtumba zina Windows 10, na za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Jambo hili ni zito kuliko jina la antivairasi. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vilivamia kompyuta katika nchi zaidi ya 150, vikafunga mafaili na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikakwama. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha ufa ule tangu Machi mwaka huo. Walioumia wengi ni wale ambao hawakusasisha.

Kama kompyuta yako haiwezi kupokea Windows 11, tazama Linux Mint au Ubuntu. Ni mifumo ya bure kwa idhini ya wenyewe, na Linux Mint hasa huenda vizuri kwenye mashine za zamani. Kwa kuandika barua na kutengeneza majedwali ya hesabu ipo LibreOffice, nayo ni bure na halali.

Kama una Windows halali, antivairasi unayo tayari. Inaitwa Microsoft Defender, na imo ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Andika Windows Security kwenye sehemu ya kutafutia, fungua Virus & threat protection, uone kama iko hai na ilisasishwa lini. Kisha shuka hadi Exclusions. Ukikuta humo folda ambazo hukuziweka wewe, ndilo dirisha tulilolitaja.

Ukitaka kununua, zingatia mambo haya:

Kwanza, vipimo huru. Usichague kwa tangazo. Maabara ya AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria huzipima programu hizi mara kwa mara na kuchapisha matokeo bure. AV-TEST hutoa alama hadi 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa urahisi wa matumizi, ikiwemo kutotoa tahadhari za uongo.

Pili, uzito. Kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4 ikibebeshwa programu kubwa itakuwa nzito, na watoto wataizima antivairasi ili wafanye kazi zao.

Tatu, siri zako. Neno "bure" lina maana nyingi. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kuitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kukusanya taarifa za kurasa ambazo watu walitembelea na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Watu walikuwa wameweka programu ile ili iwalinde. Soma masharti, na zima ruhusa za kushirikisha taarifa.

Nne, msimamo wa serikali. Juni 2024 Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwa Kaspersky nchini humo kwa hoja ya usalama wa taifa, na kampuni ikakanusha tuhuma hizo. Marufuku ile ni ya Marekani, lakini ukiwa na taarifa nyeti ni vyema ulijue hilo kabla ya kuamua.

Tano, muuzaji. Nunua kwenye tovuti ya kampuni au kwa wakala anayetambulika, na udai risiti. Ufunguo wa "maisha" unaouzwa kwa bei ya chai huwa umeibwa au umeuzwa kwa watu wengi, na utazimwa wakati wowote. Angalia pia kama leseni itajihuisha na kukata fedha yenyewe mwaka ukiisha.

Wala usiweke antivairasi mbili za kukagua kwa wakati mmoja. Zitagombana, na kompyuta itakwama.

5. Kuhusu flashi yako

Dalili ulizotaja ni za virusi vya shotikati, ambavyo huenea sana kwenye maduka ya stesheneri, ambapo flashi za watu wengi huchomekwa kwenye kompyuta moja. Virusi hivi huyaficha mafaili na kuweka vialama badala yake. Ukibofya kialama, virusi vinaingia kwenye kompyuta. Kwa kawaida mafaili hayajafutika, kwa hiyo usiifomati flashi.

Sasisha Defender, kisha ikague flashi nzima. Ikishakuwa safi, fungua Command Prompt na uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Mafaili yataonekana tena. Kwa kazi za stesheneri, tenga flashi moja ya kuchapishia tu, isiyo na kumbukumbu nyingine.

6. Kama kompyuta tayari ina programu zilizovunjwa

Nakili hati na picha zako tu kwenda kwenye diski ya nje, usinakili programu. Kagua diski hiyo kwenye kompyuta nyingine iliyo safi. Kisha fundi mwaminifu afute kila kitu na kuweka mfumo halali upya. Laptopu nyingi za mtumba zilitoka kiwandani na leseni ya Windows, na Windows ya aina ileile ikiwekwa upya huitambua bila kulipia tena. Mwisho badilisha nywila zako zote, ukitumia simu au kompyuta nyingine salama. Uliyoyafanya bila kujua, Allaah ni Mwingi wa kusamehe. La muhimu ni kuacha sasa ulipojua.

Walio mbali na mtandao mzuri wasikate tamaa. Microsoft hutoa faili la masasisho ya Defender linaloweza kupakuliwa mjini na kubebwa kwa flashi hadi kijijini. Huzidi MB 100, basi tenga bando lake.

7. Yasiyozuiwa na antivairasi

Hakuna antivairasi itakayokuzuia kutuma fedha kwa mkono wako mwenyewe. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", au wa mnunuzi wa dhahabu usiyemjua anayekutumia kiungo uweke nywila, dawa yake ni ile ya aya ya 6 ya Suratul Hujuraat: kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi. Mpigie mhusika kwa namba unayoijua. Ujumbe wa kitapeli upeleke TCRA kupitia 15040.

Na hata ulinzi mzuri huvunjika, kompyuta huungua na huibwa. Weka nakala ya pili ya hesabu za duara kwenye diski ya nje unayoichomoa baada ya kunakili, maana ikibaki imechomekwa virusi vitaifikia nayo. Fanya hivyo kila wiki, na kila baada ya mgawo wa viroba. Chapisha ukurasa wa majina na hisa, washirika wautie saini, na kila mmoja abaki na nakala yake. Hapo hata kompyuta ikifa usiku huu, haki ya mchimbaji wa mwisho haitapotea.

Wallaahu a'lam.