MTOTO ANASOMEA DAWA, LAKINI HALALI USINGIZI

Ndugu wazazi wa Itumba na vijiji vyote vya Ileje,

Mmeuza kahawa, mmeuza mahindi, mtoto yuko chuoni anasomea ufamasia. Likizo anarudi nyumbani. Hali vizuri, usiku halali, kichwa kinamuuma, moyo unamwenda mbio. Majirani wananong'ona kwamba amerogwa. Msikimbilie huko.

Masomo ya dawa ni mazito. Chukueni parasetamoli, dawa mnayoijua wote. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Akizidisha sana ini huharibika, na anaweza kufa. Hiyo ni dawa moja tu. Yeye anajifunza mamia. Anajua kwamba akikosea kipimo, mgonjwa ataumia. Tena anamkumbuka ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya karo yake.

Hapo huingia msongo wa mawazo. Mwili hufanya kama umekutana na chui: moyo hupiga haraka, misuli hukaza, tumbo hukataa chakula. Lakini chui huondoka. Mtihani hauondoki.

Ipo njia ya kutuliza akili. Wabudha wa Asia wameitumia kwa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani, Jon Kabat-Zinn, alianza kuwafundisha wagonjwa, bila mambo ya dini. Baadaye walifundishwa wanafunzi wa vyuo pia, na wengi walipata nafuu.

Mwambieni aketi kwenye kigoda, mgongo wima. Asikilize pumzi inavyoingia na kutoka puani. Asiilazimishe. Mawazo yatakimbilia kwenye mtihani. Asijigombeze, ayarudishe kwenye pumzi, kama anavyorudisha mbuzi aliyeingia shamba la jirani. Aanze na dakika 5 kwa siku, kisha 10. Siku za kwanza ataona ni upuuzi. Aendelee tu, ila hofu ikizidi aache.

Nanyi msimwite mvivu kwa kuwa amekaa kimya. Najua wazazi wengi hawapendi kumwona kijana amekaa bure.

Asijitibu kwa vidonge vya usingizi. Diazepamu huzoesha mwili, na kuiacha ni taabu.

Wiki mbili zikipita bila nafuu, aje zahanati. Akisema heri afe, hiyo si kazi ya pumzi tena. Ficheni dawa za kuulia wadudu, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Kama ni usiku na gari hakuna, mtu mmoja akeshe naye mpaka asubuhi.